Bibi wa hema la pili

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni nini kilikushika siku ulipopoteza kila kitu. Mi kilichonishika ni swala, ila haikuja siku ileile na sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi.

Tulikuwa tunakaa Jangwani, vyumba viwili, Mto Msimbazi uleee unauona. Ile mvua ya tarehe 20 Desemba 2011, ambayo watu wa hali ya hewa walisema Dar haijapata kama hiyo tangu 1954, ilitukuta tumelala, maji yakaja kwa kasi mpaka usawa wa dirisha, tukapandishana juu ya bati mi na wanangu wawili na majirani, tukakaa huko tunaangalia magodoro na makabati ya watu yanapita. Maji yalipopungua nikarudi nikakuta cherehani yangu imejaa tope, mpaka kwenye tundu la sindano. Nilikuwa nashona sare za shule, ndo iliyokuwa inatulisha. Niliililia ile cherehani kuliko nyumba.

Afu wapo waliotuambia ni adhabu ya Mungu. Yaani mtu anakuletea kanga ya msaada huku anakwambia utubu. Yale maneno yalinifanya nimkasirikie Mungu mwenyewe, nasema kweli, na hata hivo nilikuwa sijaswali miaka.

Januari 2012 tukapelekwa Mabwepande, mahema na pori. Sisi tuliokimbia maji tukawa tunapanga foleni ya maji. Hema la pili kutoka letu alikuwepo bibi mmoja, mgongo umepinda, kila alfajiri ananiita, "Mwanangu, njoo unimiminie." Namshikia kopo anatawadha, na kopo moja linamtosha, anasukutua, puani, uso, mikono mpaka kwenye viwiko, anapaka kichwani, anamalizia miguu, hakuna tone linalopotea. Huyu bibi yale maji yalimchukulia mjukuu. Sikumsikia hata siku moja akiuliza kwa nini mimi. Anasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, afu ananiuliza wanangu wamelalaje.

Siku moja maji yakabaki kidogo kwenye kopo, akasema hayo yako. Hakusema nenda kaswali. Nikatawadha, nimesahau hata kinachoanza akawa ananielekeza, nikasimama nyuma yake kwenye mkeka nikalia mpaka akatoa salamu.

Baadaye ndo nikaisoma ile aya ya 155 ya sura ya Al-Baqara kwenye Qurani, kwamba tutajaribiwa kwa hofu na njaa na upungufu wa mali na watu, nikasema kumbe sisi tumetajwa humu, na hakuna aliyetuita waovu.

Kuridhika sio kusema mafuriko yalikuwa heri. Watu wa bondeni wapewe viwanja vyenye maji na barabara kabla mvua haijaua, hilo nalisema mpaka leo. Na mvua ikipiga bati usiku bado nashtuka, naenda kuwagusa wanangu miguu ingawa ni watu wazima sasa, afu natawadha. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Kopo lake ninalo, la plastiki la kijani, lina ufa mdomoni.