Barua kwa mwanangu: filamu zangu za mwaka huu

Mikindani, Desemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salaam sana. Huku sote wazima. Korosho za mwisho nimeziokota juzi, zimeanikwa uani, na harufu ya mabibo imejaa mpaka chumbani. Kifurushi chako nitamkabidhi kondakta wa basi la alfajiri, na barua hii nimeiweka ndani yake, kwa hiyo usikifungue kwa haraka ukaichana.

Ujumbe wako niliusoma jioni ile ile. Ulisema huko ofisini kwenu kila mtu ametaja filamu alizozipenda zaidi mwaka huu, ukataka kujua na mimi ningetaja zipi. Ukaongeza: "Lakini Mama, ziwe za mwaka huu kweli, usinitajie za zamani." Nilianza kukujibu kwa simu nikaona maneno ni mengi, hayaenei mle.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mwaka. Filamu ikitoka Marekani au Nairobi, huonyeshwa huko, ikafika Dar, na huku kwetu inafika ndani ya flashi ya mtu, pengine miaka saba baadaye. Mimi siku niliyoiona ndiyo siku iliyozaliwa kwangu. Niliyoilia mwezi wa tatu mwaka huu siwezi kuiita ya zamani kwa sababu tu wenzangu wa mjini waliilia mapema.

Ya kwanza basi ni Supa Modo, ya Kenya, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ndiyo, ni ya 2018. Ilikuwa kwenye flashi uliyompa mdogo wako aniletee. Ni fupi, saa moja na robo hivi. Kuna mtoto wa kike anaitwa Jo, ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na mama yake anamtoa hospitali amrudishe nyumbani kijijini. Mtoto anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anawashawishi wanakijiji wajifanye kwamba Jo naye ana nguvu hizo, na mwisho kijiji kizima kinaingia kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni yeye.

Nilikuwa nachagua mchele huku natazama. Katika kijiji kile kuna mtu mwenye banda la kuonyeshea video, na yeye ndiye anayewasimulia watazamaji filamu za kigeni. Alipofungua mdomo tu, ungo nikauweka chini.

Hili sijawahi kukueleza vizuri. Wewe ukiwa bado wa mgongoni, tulikuwa tunakaa Chikongola, na mshahara wa ualimu ulikuwa hauvuki tarehe kumi. Jioni nilikuwa nakaanga vitumbua nje ya kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea video. Ukuta wake ulikuwa wa makuti, sehemu nyingine turubai. Ndani ni wanaume na vijana watupu. Mwanamke, tena mwalimu, ningeingiaje mle nikakaa benchi moja na wanafunzi wangu watoro? Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza tu. Mara nyingi sauti iliyotoka ilikuwa ya Lufufu, yule mfasiri wa filamu ambaye kanda zake zilienea nchi nzima, anawazungumzisha Wachina na Wahindi Kiswahili, anamkanya mwizi, anamhurumia mjane, anakueleza mji waliopo na mtu anawaza nini. Filamu nyingi nimezijua hivyo, kwa masikio. Ngumi ikipigwa najua kwa benchi zinavyogonga ukuta. Kukiwa kimya, najua kuna mtu amekufa.

Kuna moja niliisikia jioni mbili mfululizo, ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea akiwa mdogo. Jioni ya pili jenereta likaishiwa mafuta kabla hajampata. Vijana walitoka wakipiga kelele warudishiwe hela zao. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, na kitumbua kikaungua.

Ndiyo maana Supa Modo imenishika vile. Yule msimulizi wa banda hawakumweka ili tumcheke. Wamempa kazi kubwa, maana mtu aliyezoea kuwafasiria wenzake filamu za watu wengine ndiye anayeweza kuwaaminisha kwamba hata wao wanaweza kutengeneza ya kwao. Na halafu kuna yule mama. Mwanzoni hataki mchezo ule, anataka mtoto alale, apumzike. Kila saa mtoto anayokuwa nje na watu ni saa ambayo yeye mama amenyang'anywa. Nilikuwa upande wake kabisa. Ulipolazwa ukiwa na miaka minne, shangazi zako walipokuja kukuchezea wodini nilikuwa nawatolea macho mpaka wakaniona nina roho mbaya. Kwa hiyo alipolegea yule mama, mwanangu, nililia kwa sauti, mdogo wako akaja mbio akidhani kuna msiba.

Ya pili tuliiona pamoja, nilipokuja kliniki ya macho mwezi wa tano: Sinners, ya Ryan Coogler, yule yule wa Black Panther. Hiyo ni ya mwaka huu, kwa hiyo hapo hunidai. Michael B. Jordan anaigiza mapacha, Smoke na Stack, wanaorudi kwao Mississippi mwaka 1932 wakitokea Chicago. Wananunua kiwanda kikuukuu cha kupasulia mbao, wanakigeuza ukumbi wa muziki. Wanaokuja kucheza ni vibarua wa mashamba ya pamba, na baadhi yao wanataka kulipia kwa pesa za shamba, zile zisizonunua kitu nje ya shamba lenyewe.

Pale nilimkumbuka babu yako. Alikata mkonge upande wa Lindi enzi za Mwingereza, na alikuwa akitusimulia habari ya kipande: kadi yenye siku 30, ukimaliza kazi ya siku inatiwa alama, na mshahara mpaka siku zote zijae. Siku uliyoumwa haihesabiwi. Mpaka anafariki, ukimwuliza leo tarehe ngapi alikuwa anakujibu zimebaki siku ngapi zijae. Kwa hiyo wale mapacha walipobishana kuhusu kupokea pesa za shamba, mmoja akiona hasara na mwingine akiwaonea huruma watu, mimi nilikuwa sitazami Marekani tena.

Sasa lile tukio la wimbo. Yule kijana Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa na kuimba, na mara ndani ya ukumbi wanatokea watu wa kale na watu ambao bado hawajazaliwa. Wachezaji wa Afrika ya zamani, mtu mwenye gitaa la umeme, madijei wa leo, wachezaji wa jadi wa Kichina, wote wamechanganyika na vibarua wa 1932, wala hakuna anayemshangaa mwenzake. Kamera inapita katikati yao kama mtu anayemtafuta nduguye kwenye ngoma. Ukaninong'oneza, "Mama, umeelewa?" Sikukujibu, lakini nilielewa vizuri sana. Nikiwa mtoto tulikwenda kwa wajomba Newala vijana walipokuwa wanatoka jandoni. Lipiko, yule mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, alitokea vichakani na kinyago kichwani, mwili mzima umefungwa nguo, hakuna hata kidole kinachoonekana. Sisi watoto tulikimbia, maana tulishaambiwa yule si mtu, ni mzimu wa wazee. Ngoma ilipokolea, bibi zangu walisogea wakacheza naye uso kwa uso, wakicheka, kama mtu anayecheza na kaka yake aliyerudi safari. Sikuwahi kudhani jambo lile linaweza kuingia kwenye filamu. Coogler ameliingiza, na ameliacha lijieleze lenyewe.

Halafu ukumbi ule unajiwa na wanyonya damu, ambao kwa Kiswahili chetu ni mumiani. Utoto wetu wote tuliingizwa ndani magharibi kwa kuogopeshwa nao. Ila wa filamu ile wana sharti moja: hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Wanasimama mlangoni, wanaomba kwa adabu, wanaimba vizuri kweli, wanaahidi udugu. Sasa fikiria mtu aliyelelewa Pwani, ambaye akisikia hodi neno "karibu" linamtoka kabla hajajua ni nani. Nilikuwa nimebana midomo kwenye kile kiti. Mama mmoja mwenye duka, aliyekuwa mle ukumbini, alipotamka neno la kuwaingiza, ulinishika mkono kwa nguvu, na kucha zako nilizisikia mpaka tulipotoka nje. Lakini damu mwishoni imezidi. Ningekuwa mimi ningeipunguza nusu, na ule wimbo ningeuacha uendelee dakika tano zaidi.

Ya tatu ni Flow, katuni kutoka Latvia, ya 2024, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis. Mwezi wa tatu mwaka huu ilipata Oscar ya katuni bora, na nchi ile haikuwahi kuipata tuzo hiyo kabla. Haina neno hata moja. Paka wa rangi ya moshi anakumbwa na mafuriko, anaingia kwenye chombo cha tanga pamoja na mbwa, mnyama mmoja kama komba wa Madagaska anayekusanya vikorokoro kwenye kikapu, yule ndege wa mbugani mwenye miguu mirefu anayekanyaga nyoka, na kapibara, ambaye ni wa jamii ya panya ila ukubwa wake unakaribia mbuzi. Hawasemi kama watu. Paka analia kama paka.

Mjukuu wangu alikuwa hapa likizo ya mwezi wa sita. Tulipoiweka, bibi wa jirani akaja na mkeka wake. Unamjua, Kiswahili anakisikia lakini raha yake ni Kimakonde. Dakika kumi za kwanza kimya. Halafu mtoto akaanza: "Anasema, mimi naogopa maji." Bibi naye akamjibia mbwa kwa Kimakonde. Nikajikuta na mimi namsemea yule ndege. Mpaka mwisho tulikuwa wasimulizi watatu wa filamu isiyo na maneno, kila mmoja na yake. Nilikumbuka miaka yangu nje ya ukuta wa makuti, wakati nilikuwa na maneno bila picha. Safari hii nilipewa picha, maneno nikayatia mwenyewe.

Paka yule mwanzoni maji yakimgusa anaruka. Baadaye anajifunza kuzamia, anarudi na samaki, na samaki hao anawaletea wenzake chomboni. Jambo hilo linatazamwa tu, hakuna anayelisifia. Maji yalipopanda mpaka yakafunika miti, bibi aliuliza, "Watu wako wapi?" Hakuna aliyemjibu, wala filamu haijibu. Sote tulikuwa tunawaza mwezi wa tano mwaka jana, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, nawe uko njiani simu haipatikani.

Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua. Hilo nimemweleza mwanafunzi wangu wa zamani anayechapa kadi za harusi pale stesheneri, na ameshaanza kujifunza. Juzi alinionyesha ngalawa inayoelea. Maji yake bado yanafanana na uji, ila tanga limejaa upepo sawasawa.

Vuta N'Kuvute niliirudia mwezi uliopita. Ile ya Amil Shivji, ya 2021, iliyokwenda tamasha la filamu la Toronto na ambayo nchi yetu iliipeleka kushindania Oscar. Najua unaipenda. Mimi napenda mvua yake, vivuli vyake, na kusikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa bila haraka. Lakini kitabu cha Adam Shafi kilichozaa filamu hiyo, ulichokisoma kidato cha tano ukakiacha hapa, nimekisoma mara tatu, na Yasmin, mhusika mkuu, kitabuni ana safari ndefu kuliko filamu ilivyoweza kuibeba. Siilaumu. Nimeiweka ya nne.

Ukija mwezi wa kwanza, kuja na waya mrefu wa HDMI; huu wa hapa unalazimisha televisheni ikae mlangoni. Bibi ameuliza kama yule paka ana filamu nyingine. Mwenyewe nimetafuta nikakuta kwamba Zilbalodis alitengeneza nyingine 2019, inaitwa Away, kila kitu peke yake mpaka muziki, nayo haina maneno. Iweke kwenye flashi.

Na nina ombi jingine. Ile filamu ya mama anayemtafuta mwanawe, wewe unajua kupekua intaneti kuliko mimi. Nadhani ni ya Kihindi, kwa sababu ya nyimbo. Kulikuwa na garimoshi, mvua kubwa, na mtoto alikuwa na kovu au kidani, hapo sina hakika, watu ndani walipiga kelele. Msimulizi alikuwa akimwita yule mama Bi Mwajuma, kwa hiyo jina halitakusaidia. Lakini kuna mahali anasimama stesheni anaimba peke yake, sauti nyembamba, na garimoshi linampita. Sauti hiyo nikiisikia nitaijua.

Mama yako