Maji yakikata barabara tena, tutakula nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naishi Igombe, Mwanza, tuko watu watano. Ziwa Victoria lilivyojaa 2020 nilipata hofu, sasa nataka niweke akiba ya miezi mitatu ila mahindi yangu kila mwaka yanabunguliwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Mtu mzima piga nusu kilo ya nafaka kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo mia kwenu ni siku 40 tu, weka magunia mawili na nusu hivi. Ila kabla hujafunga chochote chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa halafu uache dakika kumi na tano, chumvi ikiganda kwenye kioo basi mahindi bado mabichi rudisha juani. Yakikauka tia kwenye ile mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, toa hewa yote funga kweli kweli, dumuzi, yule mdudu anayebungua mahindi, anakosa pumzi anakufa bila dawa. Na usifungue fungue jamani!

Halafu michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, bibi zetu walivuka njaa nayo, mbona tunayadharau? Dagaa chukua waliokaushwa juu ya chanja, wa kuanikwa mchangani wanabeba mchanga na unyevu.

Maji ya ziwa chemsha mpaka yatokote, hata ukiyaona meupe. Mkaa je, umeshaweka?