Kahawa chungu na kichwa changu kinachoruka-ruka

Msimu wa korosho ukifunguliwa huku kwetu Mtwara, mwezi wa kumi hivi, mi nakuwaga karani wa mzani kwenye chama cha msingi. Kazi yenyewe gunia linapandishwa, unasoma kilo, unaandika daftarini, unamkatia mkulima risiti, basi. Sasa kuna bibi mmoja alileta mzigo wake ukasoma kilo 184 na mi nikaandika 148, nilikua nasikiliza bodaboda wawili wanagombana nje huku mkono unaandika wenyewe. Bibi kaangalia karatasi akasema "mjukuu wangu, mbona kilo 36 umenila?" Ghala zima likageuka. Wallahi sikua nimeiba, ila we nenda kawaelezee watu kwamba kichwa kilitoka kidogo.

Nikafunga safari Dar kumuona daktari wa akili, nikaambiwa hii ni ADHD, yaani ubongo unashindwa kutulia kwenye jambo moja, na nimekua nayo tangu utoto, kumbe yale ya shuleni ya "huyu yupo lakini hayupo" yalikua na jina. Dawa alinitajia, ila kwenda Dar kila mara kuifuata sikuweza. Ndo nikaanza kuiangalia kahawa vizuri.

Kwanza niseme, kahawa sio dawa ya ADHD. Tangu miaka ya 1970 watafiti wameijaribu kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa inayokuchangamsha, kwa watoto wenye hili tatizo wakailinganisha na methilifenideti, ile inayojulikana kama Ritalin, na kafeini ikaachwa mbali. Iko hivi: mchana kutwa kwenye ubongo kinajikusanya kitu kinaitwa adenosini, ndo kinachokuletea uchovu na usingizi. Kafeini inawahi kukaa kwenye kiti chake, adenosini ikija inakuta kiti kina mtu. Na hapohapo dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, inapata nafasi ya kufanya kazi kidogo, lakini ni kidogo, wakati ile dawa inaipandisha dopamini yenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikua muda. Nilikua nakunywa jioni Mikindani, pale barazani mzee anapita na dele lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe unamsikia toka mbali, unachukua kashata unapiga vikombe vinne wenzako wanabishana mpira. Wenzangu wanachangamka mi natulia, nikajiona nimepona. Kumbe kafeini inachukua kama masaa matano ndo nusu yake itoke mwilini, kwa hiyo ya saa 11 jioni ikifika saa 4 usiku nusu bado ipo. Nalala saa 8 usiku, asubuhi naenda mzanini kichwa kimeoza zaidi ya jana, na mwenye ADHD akikosa usingizi ndo kaharibikiwa kabisa. Sa hivi cha kwanza saa 1 asubuhi, cha pili saa 5, ikipita saa 7 mchana simjui muuza kahawa. Barazani naenda bado, nakula kashata na maji.

Kosa la pili, nilidhani kahawa inakuchagulia cha kufanya. Haikuchagulii! Kuna siku nimekunywa nikaangalia status za watu WhatsApp saa nzima, kwa umakini wa hali ya juu, hesabu za jana ziko palepale. Kwa hiyo daftari linafunguliwa kwanza, kalamu mkononi, ndo kikombe.

Kuhusu kiasi, mtu mzima mwenye afya wanashauri asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, mjamzito 200. Kijiko cha chai cha kahawa ya unga ile ya kuyeyuka ni kama 60 hivi, lakini kahawa ya dele inachemka tangu mchana nani aipime, mi nahesabu vikombe tu. Zile enaji za kopo la mililita 250 nyingi zina kama 80 na sukari juu, sizitaki. Ukiwa na presha au moyo unakudunda, au tayari unakunywa dawa za ADHD, muulize daktari kwanza maana vyote viwili vinapandisha mapigo. Na watoto jamani, usimpe mtoto kahawa kisa hatulii darasani, mpeleke akaangaliwe. Af usije ukajipima ugonjwa kwa kikombe, eti "mi kahawa inanituliza basi nina ADHD", hicho sio kipimo.

Kwa sie tunaofunga, Ramadhani usisubiri siku ya kwanza ndo uache. Mwaka juzi niliacha ghafla, kufika mchana kichwa kinagonga kama mtu anatwanga kisamvu. Sa hivi wiki mbili kabla napunguza kikombe kimoja kimoja.

Ila nikiwa mkweli kilichopunguza makosa zaidi ni kusoma namba kwa sauti, "moja, nane, nne", mkulima naye anairudia ndo naandika. Kahawa inanisaidia nisichoke kufanya hivo mpaka gunia la mwisho. Msimu huu yule bibi karudi, kabla sijafungua mdomo keshausoma mzani mwenyewe, "moja tano tisa, haya andika nikuone." Nikaandika, akainama kuangalia, akaomba miwani ya jirani akaangalia tena.