Nusu skwati ndiyo iliyonidanganya, siyo kuchuchumaa hadi chini

Ndugu mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Una miaka 24, uko Sakina, Arusha, unajiandaa kupanda mlima Meru mwezi wa tisa. Kocha wako wa jimu kakukataza, ukipiga skwati (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na chuma mabegani), kushuka zaidi ya pale goti linapopinda nyuzi 90, kakwambia pia goti lisipite vidole vya mguu, na pamoja na kumtii goti la kulia linakuuma ukishuka ngazi na linalia ko-ko. Unauliza kama skwati uiache kabisa. Usiiache. Ila nakuomba usiongeze hata kilo moja kabla hujamaliza kusoma hapa, maana nilipita njia hiyo hiyo na nikapoteza msimu mzima wa kazi.

Mimi niko Pasua, Moshi. Nilianza Kilimanjaro nikiwa mgumu, yaani mpagazi, nikabeba mizigo miaka sita, sasa naongoza wageni. Watu wengi wanadhani magoti yanaumia wakati wa kupanda. Kupanda ni kazi ya mapafu. Magoti yanadaiwa wakati wa kushuka. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka unashuka zaidi ya mita 4,200, na mara nyingi ni ndani ya siku mbili. Kila hatua paja linafanya kazi ya breki: msuli unarefuka huku umeshikilia uzito wote, na mguu mmoja ndio umepinda.

Wakati huo tulikuwa tunapigia chuma uani kwa jirani. Bomba la chuma, makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na sahani chache za chuma tulizochangishana. Nilikuwa naweka kilo 110 mabegani, nashuka kidogo, nasimama. Wenzangu wakishangilia, nikaamini miguu yangu iko tayari. Msimu ulipofunguka, kwenye mteremko wa kutoka kambi ya Barafu goti la kushoto likaanza kuchoma chini ya pia ya goti. Jioni pale kambi ya Mweka niliingia chooni, choo cha shimo, nikashindwa kuchuchumaa. Nilishika mbao za ukuta kwa mikono miwili, nikajishusha kwa mabega. Nikiwa mle ndani nilijiuliza: hizi kilo 110 nilizokuwa nabeba, nilikuwa nabebea wapi?

Mtaalamu wa viungo aliyenipokea mjini hakugusa goti kwanza. Alinivua viatu, akaniambia nichuchumae kwenye sakafu kama mama anayechambua mchicha. Nilipofika katikati visigino vikanyanyuka, na goti la kushoto likaingia ndani. Kifundo cha mguu huo niliwahi kukitegua nikiwa na miaka 19 na sikukishughulikia tena. Kwa hiyo goti lilikuwa linalipa deni la kifundo, na juu ya hapo nilikuwa nimeimarisha nusu ya juu tu ya mwendo. Kule chini, ambako mlima ulikuwa unanipeleka kila nikikanyaga mzizi au jiwe refu, sikuwa na nguvu yoyote.

Sasa hilo katazo la kocha wako. Lina historia, hakulitunga yeye. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alipima magoti ya wanyanyua vyuma, akasema skwati ya kushuka hadi chini inalegeza kano za goti. Likasambaa, likafundishwa mashuleni na majeshini huko Marekani, na mpaka leo linatembea jimu kwa jimu. Waliopima baadaye hawakuupata ulegevu huo. Utafiti wa mwaka 1989 uliwafuatilia watu waliopiga skwati kwa wiki nane, wengine nusu, wengine hadi chini, na uimara wa goti haukupungua kwa kundi lolote. Wanyanyua vyuma wa Olimpiki wanashuka mpaka paja linakaa juu ya shavu la mguu, na hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku.

La vidole nalo halisimami. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliweka ubao mbele ya magoti ili yasipite vidole. Mzigo wa goti ukapungua kama asilimia 22, lakini mzigo wa nyonga ukapanda zaidi ya mara kumi, kwa sababu mwili ulilazimika kuinama mbele. Mzigo haukupotea, ulihamia nyonga na kiuno. Na wewe ukishuka jiwe kule Meru goti litapita vidole tu, hakuna namna ya kushuka mlima bila hivyo. Bora ulizoeshe nyumbani, ukiwa na kilo chache.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni hili: ukikatisha skwati kwenye nyuzi 90 unaweza kubeba uzito mkubwa mno, na hapo ndipo pia ya goti inapobanwa sana. Ukishuka zaidi, paja na shavu la mguu vinakutana na kusaidia kubeba, na mwenyewe utalazimika kupunguza vyuma. Mimi nilitoka 110 nikarudi kwenye bomba tupu. Iliniuma moyoni kuliko goti, lakini baada ya miezi mitano nilikuwa nashuka hadi chini na kilo 70, visigino vikiwa sakafuni, bila maumivu.

Nilivyofanya ni hivi. Nilianza na stuli iliyolingana na goti langu: nakaa taratibu kwa sekunde nne, nagusa, nasimama. Wiki tatu. Kisha nikahamia kreti ya bia, ambayo ni fupi zaidi, nikiwa nimeweka kipande cha ubao chini ya visigino kwa sababu ya kile kifundo. Kipande kilikuwa kinene kama kidole gumba, na nilikipunguza kadiri kifundo kilivyofunguka. Kifundo chenyewe nilikifanyia kazi kila asubuhi: mguu mmoja mbele, goti nalisukuma kugusa ukuta bila kisigino kunyanyuka, halafu nasogeza mguu nyuma kidogo na kurudia. Vyuma nilivirudisha nilipoweza kuchuchumaa bila kreti. Siku mbili kwa wiki, kamwe siyo mfululizo, kwa sababu kano zinapona polepole kuliko misuli.

Zoezi lililonisaidia zaidi mlimani, hata kuliko skwati yenyewe, ni la ngazi. Simama kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya chini, shusha kisigino cha mguu mwingine mpaka kiguse sakafu, ukihesabu hadi nne, kisha rudi juu. Angalia goti lisiingie ndani. Kwako wewe ndilo la kuanza nalo leo, kwa ngazi fupi. Siku ya kilele Meru wengi wanashuka mpaka kambi ya Miriakamba, zaidi ya mita 2,000 za mteremko baada ya usiku mzima wa kupanda.

Kuhusu maumivu, kipimo nilichopewa naendelea kukitumia. Kati ya sifuri na kumi, mpaka tatu unaweza kuendelea, mradi kesho yake asubuhi goti liwe limerudi kama lilivyokuwa. Likiamka limechachamaa zaidi, ulizidisha, punguza kilo kwanza, kisha kina. Ile milio ya ko-ko uliyoitaja, kama haiambatani na maumivu wala uvimbe, isikunyime usingizi. Lakini goti likivimba, likikwama ukashindwa kulinyoosha, au likikuachia ghafla unapotembea, acha mazoezi, nenda hospitali ukapimwe, wala usisubiri ushauri wangu wala wa mtu yeyote humu.

Kocha wako usigombane naye. Mwombe tu asimame pembeni, simu aiweke usawa wa goti, akurekodi ukichuchumaa peku bila chuma chochote, mara tano kutoka ubavuni na mara tano kutoka mbele. Tazama visigino na tazama goti la kulia linaelekea wapi. Kisha video hiyo iweke hapa. Kesho napanda na wageni kwa njia ya Machame, nikishuka Jumapili nitaiangalia na kukwambia uanzie kwenye stuli au kwenye kreti.