Gemu za vita: nani amepima ukali, na kwa kibaba gani?

Swali la wiki lilikuwa: "Je, gemu za vita na mapigano zinawafanya watoto wetu kuwa wakali?" Jibu langu: kama zinachangia, zinachangia kidogo sana, na mzazi anayetafuta chanzo cha vurugu za jioni sebuleni kwake atakipata kwa urahisi zaidi kwenye mambo mengine ya gemu hiyohiyo. Ila kwanza tuelewane ukali wenyewe unapimwaje, maana ubishi karibu wote umelala hapo.

Mtafiti hawezi kuwaachia watu wapigane ngumi maabara. Anachofanya ni hiki. Mtu, mara nyingi mwanafunzi wa chuo, anachezeshwa gemu kwa dakika chache. Kisha anaambiwa ashindane na mwenzake aliye chumba cha pili, nani atawahi kubonyeza kitufe. Mwenzake akishindwa atapigiwa kelele kwenye hedifoni, na yeye ndiye anayechagua kelele hiyo iwe kubwa kiasi gani na idumu muda gani. Chumba cha pili hakuna mtu. Kompyuta ndiyo inayopanga nani ashinde na nani ashindwe. Anayechagua kelele kubwa au ndefu anaandikwa kuwa mkali. Mwaka 2000, Craig Anderson na Karen Dill wa Marekani walitumia njia hiyo kuwalinganisha waliocheza Wolfenstein 3D, gemu ya bunduki, na waliocheza Myst, gemu ya mafumbo. Wale wa bunduki walipiga kelele ndefu zaidi, lakini katika raundi zilizofuata baada ya wao wenyewe kushindwa. Hilo la kushindwa tutalirudia.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki hakina kanuni moja. Uhesabu ukubwa wa kelele, au muda wake, au uzidishe vyote viwili? Uchukue raundi ya kwanza tu, au wastani wa zote? Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Malte Elson, alipokusanya machapisho yaliyotumia kelele hizi alikuta njia zaidi ya 100 za kukokotoa jibu. Muuza mchele mwenye vibaba 100 tofauti hakosi kimoja kinachompa faida.

Kipimo kingine ni pilipili: unamwandalia mtu sosi kali huku umeambiwa kwamba hapendi vitu vikali, kisha wanapima umemwekea kiasi gani. Mwaka 2011, Paul Adachi na Teena Willoughby wa Canada walitumia pilipili kwa akili zaidi. Hawakutenganisha gemu kwa damu peke yake. Walizitenganisha pia kwa ushindani. Waliotoka kwenye Fuel, mbio za magari zisizo na tone la damu, walimwaga pilipili nyingi sawa na waliotoka kwenye ngumi za Mortal Kombat. Waliotoka kuua mazombi kwenye Left 4 Dead 2, gemu yenye damu tele lakini ushindani mdogo, hawakufika huko. Mwaka 2014, Andrew Przybylski na wenzake wakaongeza la kwao: walizichakachua gemu makusudi ili zimshinde mchezaji, Tetris ikiwemo. Aliyeshindwa kuimudu gemu alitoka na hasira zaidi, iwe ina bunduki au ina matofali tu.

Maabara ni ya muda mfupi, kwa hiyo tazama pia tafiti zinazowafuatilia watoto kwa miezi na miaka. Mwaka 2018 Anna Prescott na wenzake walijumlisha tafiti 24 za namna hiyo, zenye washiriki zaidi ya 17,000. Waliocheza gemu za mapigano walikuwa na ugomvi wa mwili zaidi baadaye, hata baada ya kuzingatia ukali waliokuwa nao mwanzoni. Ukubwa wa uhusiano huo ulikuwa kama 0.08, pale ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Namba hiyo ukiizidisha kwa yenyewe unapata kwamba gemu inaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti ya ugomvi kati ya mtoto na mtoto. Si sifuri, na anayesema ni sifuri anajipendelea. Lakini mwaka uliofuata Przybylski na Netta Weinstein waliwapima vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15. Ukali wa gemu waliuchukua kutoka kwenye lebo rasmi za umri, tabia za kijana wakawauliza walezi wake, na namna ya kukokotoa wakaisajili kabla ya kugusa takwimu. Hawakupata uhusiano wowote. Mimi huu ndio nauamini zaidi, kwa sababu kibaba kilichaguliwa kabla ya kuuona mchele.

Sasa nenda kwenye banda lolote la gemu mtaani. Kwenye skrini ni mpira, hakuna risasi hata moja, sheria ni mshindi anabaki na anayefungwa anaachia padi na kurudi kwenye foleni. Bao la dakika ya mwisho likiingia, sikiliza kelele. Kukiwa na hela ya kuwekeana, ndiyo kabisa.

Kwenye simu, chukua Free Fire, gemu ya bunduki ambayo anayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Wanaingia wachezaji 50, mechi inachukua kama dakika 10. Akicheza peke yake, mmoja anashinda na 49 wanatoka wameshindwa, kisha wanaanza tena. Tena wapinzani wako mtandaoni, kwa hiyo mechi haisimamishwi: akiitwa dukani dakika ya nane, kazi yote imepotea na wenzake wa kikosi wameachwa mmoja pungufu. Ndiyo maana "zima sasa hivi" inazaa kilio ambacho mzazi anakiita ukali wa gemu. Patana naye kwa mechi badala ya dakika: mechi 2, halafu simu mezani. Ukimhitaji katikati, muulize mechi imebaki kiasi gani, na usikubali aanze nyingine. Kwa PUBG Mobile, gemu ya aina hiyohiyo, mechi moja inaweza kufika nusu saa, hapo 1 inatosha.

Zima maikrofoni ndani ya gemu. Lebo za umri hupima kilichotengenezwa na kampuni. Matusi ya mtu mzima asiyejulikana hayamo. Weka pia nenosiri kwenye manunuzi, maana daimondi za Free Fire, yaani sarafu za ndani ya gemu, zinalipiwa kwa pesa halisi na ugomvi wake ni halisi.

Kufunga gemu zisizo za umri wake: fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya familia, washa udhibiti wa wazazi, weka PIN, chagua umri. Wengi hukosea hapa. Udhibiti huo hauondoi gemu ambayo tayari iko kwenye simu, na hauoni iliyorushwa kwa Xender au kutumwa WhatsApp, kwa hiyo futa za zamani kwa mkono na uzuie usakinishaji kutoka nje ya Play Store. (Na PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Wanaujua.)

Kabla ya kupiga marufuku, fanya hesabu ya wiki mbili kwenye daftari. Kila mtoto anapolipuka, andika mambo matano: saa, gemu gani, alishinda au alishindwa, nani alimkatiza, na usiku uliopita alilala saa ngapi. Milipuko ikiangukia baada ya kushindwa au kukatizwa, badilisha utaratibu. Ikiangukia siku alizolala usiku wa manane, shida ni usingizi. Ikitokea hata siku ambazo hakugusa simu, au akiwa anaumiza wadogo zake na wanyama, acha habari ya gemu: uliza anapigwa na nani, nyumbani au shuleni.