Mwanangu, uliniuliza kuhusu vyeo

Mama yangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi niliuona, ule uliotuma na picha uliyoitoa kwenye albamu ya mama yako, nimekonda kama fito alafu nacheka meno yote nje, ukaandika "baba hivi katika vyeo vyote ulivyovaa jeshini kipi ulikipenda zaidi, na usiniambie cha mwisho maana najua utasema hicho". Sikukujibu palepale kwa sababu nilikuwa foleni ya uhakiki wa pensheni na huwezi kuandika mambo ya miaka 31 umesimama huku mzee wa nyuma anakusukuma na fimbo. Leo umeme umekatika tangu mchana, niko barazani, simu ina chaji, ngoja nikuandikie kwa kidole changu kimoja hiki mpaka itakapozima.

Cha mwisho wala. Najua ndo kinachoandikwa kwenye kadi za harusi, Afisa Mteule Daraja la Pili mstaafu, na pesa ya kustaafu ilitokana na hicho, sikikashifu. Lakini kile cheo kina upweke wake. Nilikuwa sajini meja wa kombania, na hapo watu wote huwa wanachanganya, yule emsii wa harusi ya shangazi yako si alinitangaza "Meja", cheo cha ofisa kabisa, ukumbi mzima ukapiga makofi, nikataka kuingia chini ya meza, maana kulikuwa na luteni kanali meza ya tatu anacheka kimya kimya. Sajini meja ni kiti, mama, siyo cheo. Cheo unahama nacho, kiti unakiacha anakalia mwingine. Na afisa mteule hapigiwi saluti hata awe na mvi kichwa kizima, saluti ni ya wenye kamisheni, wale Rais anaowatunuku pale chuo cha jeshi Monduli, kwa iyo kijana wa nyota moja, luteni usu, ndevu hazijaota, mimi ndo nampigia yeye alafu akishapita ananifata pembeni kuniuliza afande hivi hili tunalifanyaje. Sikuwa na kinyongo na ilo, nakwambia tu lilivyo.

Alafu ilo neno afande unalotaniana nalo na mdogo wako, babu yako ndo alinielezea asili yake. Yeye alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma 1944. Anasema ni neno la Kituruki, efendi, na miaka ya mwisho ya ukoloni Waingereza wakalifanya cheo kabisa, kile cha juu ambacho Mwafrika angeweza kufika bila kuitwa ofisa kamili. Idi Amin alikipata 1959. Babu yako alikuwa anacheka sana habari za Amin, maana Jenerali Musuguri, ambaye ndo alikuwa mkuu wetu wa majeshi miaka ya themanini, aliingia KAR 1942 kama askari wa kawaida kabisa, akapanda mpaka akawa mkufunzi pale Kahawa, Kenya, na huyo Amin alikuwa mwanafunzi wake. Mwanafunzi akaja kujivika mwenyewe ufildi masho 1975, na miaka minne baadaye majeshi ya mwalimu wake yakamfukuza Kampala. Babu akifika hapo anagonga bakora chini, anasema cheo cha kujipa mwenyewe hakina mshono. Basi tulikuwa tunacheka tu.

Yeye mwenyewe babu alirudi na V moja, ile alama ya koplo usu inayoshonwa mkononi.

Sasa V moja ndo nilipoanzia kuumia, na hili sijawahi kukwambia wala mdogo wako hajui, mama yako tu ndo anajua. Ukiangalia kwenye karatasi zangu utaona praiveti, koplo usu, koplo, sajini, sajinitaji, afisa mteule. Inaonekana ni ngazi moja safi. Siyo. Upraiveti nimeushika mara mbili.

Niliingia 1981, vita ya Kagera imeisha, wakubwa zetu wote ni watu wa Mutukula na Masaka, ukikosea hatua kwenye kwata unaambiwa sisi tulitembea kwa miguu mpaka Kampala wewe unashindwa kugeuka kushoto. Mwaka 1984 nikavishwa V moja, koplo usu. Mwanangu, hakuna cheo kigumu kama kile. Jana mnalala chumba kimoja, mnakula sahani moja, mnamsema sajini pamoja, leo umeshonewa kitambaa mkononi unatakiwa umwambie mwenzako amka nenda lindo, naye anakuangalia hivi, wewe tena? Ukicheka nao wanakupanda kichwani, ukikaza wanasema V moja imemlevya. Na wakubwa nao bado hawakuhesabu, ukiingia wanakokaa wenye V tatu mazungumzo yanakata.

Nilikuwa na rafiki yangu, tumetoka naye depo siku moja, jina silitaji, amekwisha kufariki. Usiku mmoja nikiwa mkuu wa lindo nikamkuta amelala, bunduki ameilaza magotini kama mtoto. Kulala lindoni siyo utani, ilitakiwa nimkamate pale pale niripoti. Mimi nikamtikisa, nikampa maji anawe uso, nikaendelea na mzunguko. Kumbe alilala tena, na safari hii aliyemkuta ni sajini wa zamu, na rafiki yangu kwa uoga wake akasema mbona koplo usu amepita hapa ameniona. Kesho yake tukasimamishwa wote wawili mbele ya mkuu wa kikosi, kofia tumevuliwa. Yeye mahabusu siku 14. Mimi V ikatoka, miezi mitano tu tangu niivae. Niliitoa mwenyewe kwa wembe, nikawa naiona alama yake pale mkononi, kitambaa cha chini kilikuwa kibichi zaidi kuliko shati lote lililopauka na jua. Kila anayeniona anajua hapa palikuwa na kitu. Nilivaa lile shati karibu mwaka mzima.

Nikarudishiwa 1986. Sikushangilia.

Alafu ndo ikaja Msumbiji. Watu hawaizungumzii sana safari ile, wanajua Kagera tu, lakini waasi wa Renamo walikuwa wameikaba Msumbiji pabaya na jeshi letu likapelekwa jimbo la Zambezia kuwasaidia, mpaka tukaondoka mwishoni mwa 1988. Zambezia ni minazi, mama, minazi mpaka jicho linachoka, unaweza kudhani uko Mkuranga ila watu wanaongea Kichuwabo na Kireno na wewe unabaki na "bom dia" yako. Kule ndo ujumbe wa redio ulikuja siku moja jioni kwamba fulani na fulani kuanzia tarehe hii ni koplo. Yule fulani mimi. Hakuna gwaride, hakuna mkuu wa kukuvisha, na V zenyewe hazikuwepo, stoo ya karibu hujui iko wapi. Kijana mmoja wa seksheni yangu, mtoto wa Tukuyu, akakata kipande cha turubai la hema lililokwisha kuchanika, akachora V mbili kwa mkaa, wakanishonea kwa uzi uliochomolewa kwenye gunia. Moja ilikaa upande. Ndo hiyo uliyoiona kwenye picha, ukikuza utaona ya mkono wa kulia imelala kama imechoka.

Kwa iyo jibu lako ni koplo. V mbili.

Nikueleze kwa nini maana najua utasema baba anapenda hadithi ya turubai. Koplo ana seksheni, watu kama kumi hivi. Seksheni tatu ndo zinafanya platuni, na platuni ina luteni na sajini wake, na juu yao kuna kombania, sasa ukipanda kila hatua watu wanaongezeka na wewe unawajua kidogo kidogo mpaka wanageuka namba kwenye karatasi. Koplo hana karatasi. Anajua nani buti lake limetoboka, nani anakula haraka, nani akinyamaza siku mbili amepata barua mbaya toka nyumbani, nani umpe lindo la saa nane usiku na nani usimpe. Anahesabu risasi kwa mkono. Amri inapotoka juu huko imeshapita midomo mitano, kwake ndo inageuka kuwa mtu fulani anyanyuke atembee, na yeye anatembea nao, hakai nyuma anasubiri taarifa. Ikiwa ya kijinga anaisikia miguuni mwake mwenyewe. Sajini anaweza kukosea akasahau, koplo akikosea analala hema moja na makosa yake.

Yule kijana wa Tukuyu alishikwa na malaria kule, watu wa milimani hawajaizoea, akawa anaongea na mama yake Kinyakyusa usiku kucha. Mganga wa kikosi alikuwa mbali na njia ile usiku huendi, kuna mabomu ya kutegwa. Nilikaa naye mpaka asubuhi namkanda na kitambaa na kumpa klorokwini, akitapika nasubiri kidogo nampa tena, na vijana wengine wakawa wanakuja mmoja mmoja bila kuitwa, mmoja analeta maji, mwingine anakaa tu. Sikuwaamrisha. Asubuhi akaamka akaomba uji na V zangu mbili za turubai akazitazama akasema afande hii nilikukosea, ntakurekebishia. Hakuwahi kuirekebisha na nilimkataza.

Na siyo kwamba walikuwa malaika. Siku nyingine walipanda minazi ya bibi mmoja mjane wakaangua madafu, yule bibi akaja kwangu analia, Kichuwabo chake sikielewi hata neno ila kidole kinaonyesha juu ya mnazi na madafu yapo chini ya kitanda changu mwenyewe, walinibakishia mawili washenzi wale. Ningeripoti ingekuwa kesi kubwa, nchi ya watu ile. Nikawafanya wamchotee maji siku tatu, na mimi nikachota maana la kwangu nililinywa kabla sijajua. Siku ya nne akatuletea mihogo.

Unaona tofauti na ile ya lindoni? Ile ya kwanza niliogopa kuonekana nimekuwa mkubwa, nikamwacha mtu alale. Na adhabu niliyopewa ilikuwa halali, nilikuja kukubali baadaye sana.

Sajini nilikuwa 1993, wewe una miaka mitatu, ulizaliwa mimi ni koplo na ndo maana mama yako mpaka leo akinikasirikia ananiita koplo. Usajini ni kukimbia kati ya luteni na watu, likizo za watu, ugomvi wa kota, wake za watu wanakuja kulalamika mshahara haufiki nyumbani. Nilikuwa nao vizuri tu lakini sikumbuki kucheka sana. Usajinitaji ndo kabisa, neno taji lenyewe tumelirithi kwa malkia wa watu wakati sisi mfalme hatuna, nikapewa stoo, na mtu wa stoo hata apime maharage kwa mizani ya dhahabu wataamini ameiba. Ningeweza kuiruka miaka ile isiwepo. Darfur, Sudan, 2010 nilikuwa mteule tayari, kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa, posho nzuri, ndo iliyoezeka hii nyumba unayoijua, na nilikuwa napita jioni naona makoplo wamekaa na seksheni zao kwenye mchanga wamewasha jiko dogo wanachemsha chai, wakiniona wote wanasimama ghafla, kikombe kinamwagika. Nawaambia kaeni, kaeni. Wanakaa lakini chai haiendelei mpaka niondoke.

Basi ndo hivyo, simu iko asilimia 9.

Kombati zote nilirudisha siku ya kustaafu kama sheria inavyotaka, ila zile V mbili za turubai nilizifumua zamani. Ziko kwenye kopo la kiwi, droo ya chini ya kabati la mama yako, chini ya vitenge. Ukija Desemba fungua mwenyewe usimwombe ruhusa atakuzungusha. Moja pembe imeliwa na mende, ile iliyokuwa imekaa sawa.

Baba yako