Kibarua akipita mwezi si kibarua tena

Naandika haya kabla season ya Disemba haijaanza maana najua wengi wetu hapa Malindi twaajiri vile vile, wageni wakijaa twaita vijana, jioni twawalipa, wageni wakienda zao twawaambia kesho msije. Mimi nina mkahawa mdogo huku Maweni, wali wa nazi, samaki, viazi karai, na nimefanya hivyo miaka.

Sasa kijana mmoja aliingia jikoni Disemba kama kibarua. Mkono wake kwa mchuzi wateja walikuwa wakiuulizia, basi Januari akabaki, Februari akabaki, mpaka Agosti bado namlipa jioni jioni na namuita kibarua. Asubuhi moja nafungua friza, vipande vya nguru havipo. Nilipandwa na hasira, sikuuliza mtu, nikamtumia meseji WhatsApp: "Kesho usije." Jioni dadangu anapiga simu kunishukuru, kumbe ni yeye alipita usiku na ufunguo wa akiba akavichukua vya matangani. Niliona haya kumpigia yule kijana, nikanyamaza, na hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kwenye hasira yenyewe. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya wakili.

Wakili niliyemwendea mimi aliniuliza mambo mawili tu, kontrakti iko wapi na daftari la malipo liko wapi. Kontrakti hakuna. Daftari lilikuwako, lakini kurasa zingine zilichanwa kuwashia jiko, zilizobaki zina majina bila sahihi. Akaniambia mama, Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mtu akikufanyia kazi miezi mitatu au zaidi lazima awe na kontrakti ya kuandikwa, na usipokuwa nayo, akidai mlipatana hivi ni wewe mwajiri wa kuthibitisha sivyo.

Halafu kifungu cha 37. Kibarua kisheria ni mtu unayemlipa mwisho wa siku na hujamchukua kwa zaidi ya masaa 24 kwa mara moja. Akifanya siku mfululizo zikafika mwezi, huyo ashakuwa wa mshahara wa mwezi, hata kama wewe wampa pesa kila jioni, na kumuachisha ni notisi ya siku 28. Akiendelea miezi miwili au zaidi apata haki kama aliyeajiriwa tangu mwanzo, likizo nayo imo, ambayo ni siku 21 kwa mwaka.

Na hata angekuwa kweli kaiba, kifungu cha 41 chataka nimuite, nimweleze kosa kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake amchague mwenyewe, kisha nimsikilize. Meseji si kikao. Korti yaweza kukuamuru ulipe mpaka mishahara ya miezi 12. Msidanganyane pia kwamba asiyemaliza mwaka hawezi kushtaki, kile kipengele kilichotaka mtu awe amefanya kazi miezi 13 ndipo adai kuachishwa isivyo haki, Mahakama Kuu ilikifuta 2012.

Tulipatana nje ya korti. Nililipa, na ilinibidi niuze friza lenyewe. Nilimuomba msamaha pia mbele ya mamake, hilo halikuwa kwa sheria, lilikuwa deni langu.

Saa hii mtu wa msimu namuandikia ukurasa mmoja kwa Kiswahili: kazi gani, mshahara, siku ya mapumziko, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe ya kuisha ikifika na bado namtaka, twaandika nyingine siku hiyo hiyo, singoji. Makato nayo, SHIF ya bima ya afya 2.75%, ada ya nyumba 1.5% yake na 1.5% yangu, na NSSF ya akiba ya uzeeni, nayamaliza kabla ya tarehe 9 na namuonyesha kwa karatasi alikatwa nini. Kila mmoja aondoka na kopi yake, na nyingine naipiga picha kwa simu, maana jiko la makaa bado liko pale pale jikoni.